Saa Sita za Makoongwe

Usiku wa tatu nimo katika chumba hiki cha nyuma, Wete,
feni inalia kama mlango usiofungika,
na mbele yangu mafaili matatu
yanayokataa kuwa moja.

La Kidike kalileta Riziki Mbarouk:
tarehe kwanza, saa, kisha sauti,
elfu nne mia mbili na kumi na tisa,
kila mlio wa popo na mstari wake.
La Ngezi ni la Mkasi. Kaliita "jpili_mpya_mpya2".
La kwanza lilikufa na betri,
la pili hataki kulizungumza.
La Makoongwe limevuka ndani ya karatasi ya tende,
kadi ndogo kuliko ukucha,
na mwandiko wa Shaame Faki: Nimesikiliza. Kumenoga.

Naiambia programu: Unganisha.
Inanijibu: Safu hazilingani.
Nabadilisha "muda" uwe "wakati",
"mahali" pawe "kituo",
nafuta nafasi tupu iliyojibanza mwisho wa neno
kama punje ya mchanga katika wali.
Unganisha.
Safari hii ikakubali, kimya, mara moja,
nami nikaingiwa na shaka:
anayeitikia kabla hujamaliza kusema
hakukusikiliza.

Nikachora mchoro.
Kidike, popo wanaruka Magharibi.
Ngezi, Magharibi, dakika tatu nyuma yao.
Makoongwe, saa sita na nusu mchana.
Popo elfu moja, jua la utosi,
wanauacha mti wao kwenda kutafuta mashelisheli!
Nikawaza maradhi. Nikawaza moto,
watoto na manati.
Nikaandika hata kichwa cha ripoti, "Tabia Isiyo ya Kawaida",
nikakipigia mstari.
Kwa muda wa chai moja kupoa
nilikuwa mgunduzi.

Kisha nikaacha namba, nikafungua sauti.
Mabawa. Mabawa, kama kanga zinazokung'utwa uani.
Nyuma yake, mbali, kipaza sauti cha msikiti,
na imamu anasoma.
Anasoma kwa sauti.
Nikasimamisha. Nikarudisha. Anasoma kwa sauti,
na adhuhuri, hata mtoto wa chuoni anajua,
husomwa kimoyomoyo.

Nikampigia Shaame asubuhi.
"Kinasa sauti ulikitegaje saa?"
"Kama ilivyo. Ilikuwa saa nne, nikaandika nne.
Kwani nyie huko Wete mwatumia saa gani?"
Nikatazama ukutani. Mshale mfupi uko juu ya tatu,
nami tangu utotoni naisoma tisa,
na sijapata kuchelewa mahali kwa hilo.
Nikamwambia: "Hiyo hiyo, Shaame. Hiyo hiyo."

Ongeza sita.
Mstari mmoja wa amri, na Makoongwe yote
ikarudi katika jioni yake,
mbawa kwa mbawa, sekunde kwa sekunde,
ikakaa baina ya Kidike na Ngezi
kama mtu aliyekuta nafasi yake kwenye mkeka
bado ina joto.

Lilibaki moja. Mstari wa elfu tatu na saba:
"tukio halikutambulika". Programu inauliza, lifutwe?
Nikalisikiliza. Kikohozi,
kandambili kwenye majani makavu,
halafu Shaame, chini kwa chini, hamwambii mtu:
"Haya. Nendeni. Nimeshakuhesabuni."

Sikulifuta. Nikafungua safu mpya pembeni,
nikaiita "limetoka wapi",
nikaijaza mstari baada ya mstari,
ili wakichanganyika wasije wakapotea:
huyu wa Riziki, huyu wa Mkasi aliyeghadhibika,
huyu wa saa sita.

Nje kuku wa jirani wameanza fujo zao.
Nikahifadhi. Ikaniuliza jina,
mimi niliyemcheka Mkasi siku mbili nzima,
nikaandika: jumla_mpya_mpya3.